Njia ya Kutoka Kisimani

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi saa, anayeongoza mchezo wa mezani wa kusimulia visa kwa dadu, ambamo wenzake hujifanya mashujaa. Mchana ule alijifungia stoo isiyo na dirisha, akichagua visa vyepesi vya wachezaji wapya na kupanga karatasi zake mezani: kwanza kisa cha kisima, kisha cha mnara. Alikosa cha kuviunganisha, njia ya kuwatoa mashujaa kisimani hadi mnarani. Kazi hiyo ya kuunganisha zamani ilikuwa ya mdogo wake. Lakini ulimi hauna mfupa: alimfukuza mchezoni mbele za watu, akaja kumzika kabla hawajapatana.

Umeme ukakatika. Gizani dadu likabiringika mezani, likatulia.

“Mama watoto, ni wewe?”

“Mimi niko nje, naanua nguo!”

Umeme uliporudi, kati ya karatasi za kisima na za mnara palikuwa na karatasi nyingine yenye udongo mbichi, iliyoandikwa kwa mwandiko wa mdogo wake: “Kaka, wapitishe kwangu. Nimeshachimba njia.”