Kisahani cha Mawe

Kila Ijumaa nilipotoka shule, nilikuta sinia limeshawekwa juu ya meza ya jikoni. Ndani yake kulikuwa na maharagwe, dengu na ngano nzima, kila kitu na fungu lake, na pembeni kisahani cha maua ya buluu kilichomeguka ukingo. Tangu nilipofikisha miaka tisa, kazi ya kuchambua ilikuwa yangu. Punje mbovu niliwatupia kuku, na mawe niliyoyaona niliyaweka kwenye kisahani ili Bibi ayaone.

Supu yenyewe ilipikwa Jumamosi. Hadi leo, nikifumba macho, naisikia harufu yake ikinilaki mlangoni. Bibi alilowesha kila kitu kwenye chombo chake tangu jioni, maana, kama alivyosema, ngano ina kiburi, maharagwe yanataka kubembelezwa, na dengu hazina subira. Asubuhi ngano ilitangulia sufuriani, maharagwe yakafuata, na dengu zikaingia mwisho pamoja na karoti na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia. Chumvi ilisubiri mpaka maharagwe yaive, kwani ikiwahi, yanagoma kulainika. Mimi nilikoroga nikiwa nimesimama juu ya kigoda. Babu, seremala mstaafu na mlaji wa kweli, alikaa karibu na mlango akijifanya anapiga randa ubao, kumbe anasubiri kuitwa aonje.

Nafaka zetu zote tulinunua kwa mzee mmoja mwenye duka mwisho wa mtaa. Watu walimwita Kibaba, kwa sababu alipopima nafaka kwa kopo lake la kibaba alilisawazisha kwa kiganja, kisha akaongeza kidogo juu. Bibi alikuwa mkunga. Nusu ya watoto wa mtaa ule aliwapokea yeye, kwa hiyo aliponunua yeye, na wengine walinunua.

Mwaka wa kisa hiki nilikuwa na miaka kumi na miwili na moyo wangu wote ulikuwa kwenye kamba. Wasichana wa darasa letu walikutana kila Ijumaa kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yetu kuruka kamba, nami nilisikia vishindo vya miguu yao kupitia dirishani nikiwa nimeinamia sinia. Roho iliniuma. Kila nilipomaliza kazi na kutoka mbio, nilikuta kamba imeshakunjwa na wenzangu wanaagana.

Sasa, nilikuwa na kiberiti kitupu nilichohifadhia yale mawe. Sikuwa na nia mbaya, niliyapenda tu. Kulikuwa na meusi yanayong'aa, na moja la pinki lililofanana na kipande cha peremende. Bibi alipokwisha kuyatazama kisahanini, niliyatia kiberitini mwangu. Kisha Ijumaa moja wazo likanijia, na nasikitika kusema halikunisumbua hata kidogo. Nilipitisha mkono juu ya sinia mara moja, nikatoa mawe mawili kiberitini, nikayaweka kwenye kisahani, nikakimbilia uwanjani.

Bibi alikitazama kisahani akanisifu. Ijumaa iliyofuata niliweka manne, ili nionekane nimejitahidi zaidi. Ijumaa ya tatu nikaweka saba. Bibi aliyahesabu kwa ncha ya kidole, akakunja uso na kuuliza Kibaba siku hizi amepatwa na nini. Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Kesho yake tuliketi kula. Supu ilikuwa nzito na tamu, na Babu alikuwa kwenye bakuli la pili niliposikia kitu kikilia "kach" mdomoni mwake. Akatoa kijiwe cheupe kwenye kiganja, na baada ya kijiwe, kipande cha jino.

"Nilikuwa na magego mawili tu yanayosalimiana," alisema akishika shavu. "Sasa moja limebaki mjane."

Siku nyingine ningecheka hadi nipaliwe. Siku hiyo sikucheka, na Bibi hakucheka pia.

"Jiwe moja au mawili hayakosekani kwenye gunia," alisema. "Lakini saba kwenye sinia, na jingine tena sufuriani? Huyu mtu hachekechi tena."

Akachukua kisahani pamoja na mawe yangu saba, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka. Aliporudi, alimsimulia Babu kwamba amemwambia Kibaba mbele ya wateja wake kuwa hatanunua tena dukani kwake. Kibaba hakujibizana naye. Aliyageuzageuza yale mawe, akasema hayafahamu, basi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini bado sikusema kitu. Nilijiambia kwamba mambo yatapoa yenyewe.

Alasiri Bibi alinituma nirudishe mifuko mitupu ya Kibaba, maana hakutaka kitu chake kibaki nyumbani kwetu. Nilikwenda nikiburuta miguu. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa nusu. Ndani, Kibaba na mkewe walikuwa wamepiga magoti juu ya turubai. Walikuwa wamemwaga gunia zima la maharagwe, na walikuwa wakilichambua punje kwa punje. Mke wake alikuwa ameweka mto chini ya goti moja.

Nilimwamkia. Kibaba aliitikia bila kuinuka, akajipangusa jasho kwa mkono wa shati, akatabasamu.

"Afadhali umekuja, mjukuu wangu. Wewe una macho makali," alisema. "Hebu nikumbushe, yale mawe yalikuwa na mavumbi yoyote? Tumefika nusu ya gunia, tumepata jiwe moja tu. Labda nilikosea kuchekecha mahali, nataka nijue ni wapi."

Angenigombeza, ningeweza kuvumilia. Lakini alikuwa ananiuliza kwa upole, akinitegemea nimsaidie, na magoti yake yalikuwa meupe kwa vumbi la maharagwe yasiyo na kosa. Nililia. Nikamweleza yote, tangu kamba mpaka kiberiti.

Mkewe aliuchomoa ule mto chini ya goti lake, akaukumbatia.

"Ahsante kwa kuniambia," Kibaba alisema mwishowe. "Lakini aliyedanganywa hasa ni bibi yako. Nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi siwezi kukubebea hilo."

Njia ile fupi haijawahi kuwa ndefu kama siku ile. Nilimkuta Bibi akimsukutulisha Babu kwa maji ya chumvi. Nilisema nikiwa nimesimama mlangoni, haraka, nisije nikageuka. Bibi hakunipiga wala hakupaza sauti. Alifunga tena kile kitambaa chake, akanishika mkono, tukarudi dukani pamoja.

Wanawake wawili kati ya wateja waliomsikia Bibi mchana walikuwa wamerudi, na nadhani walikuja kuangalia mwisho wa kisa. Bibi alisimama mbele yao. Sikuwahi kumsikia akiomba radhi kwa mtu maishani mwake, maana hakuwa mtu wa kukosea ovyo.

"Mzee mwenzangu, nilikusema vibaya hapa hapa, na watu walisikia," alimwambia Kibaba. "Wasikie na hili. Nafaka yako ni safi. Kosa lilitoka nyumbani kwangu. Nisamehe."

Kibaba alisema yamekwisha. Nami niliomba radhi, lakini sauti ilitoka ndogo, kwa sababu kumwona Bibi ameinamisha kichwa kwa ajili yangu kuliniumiza kuliko fimbo yoyote. Kisha Bibi akavua viatu, akapiga magoti juu ya turubai, nami nikapiga magoti kando yake. Tulichambua wote wanne mpaka gunia likaisha.

Wakati tunarudi nyumbani ndipo alipozungumza nami.

"Ulidhani kile kisahani nilikiweka ili nikupeleleze?" aliuliza. "Macho yangu yamechoka, mwanangu. Punje na jiwe sivitofautishi tena. Kisahani ndicho kilichoniambia nafaka ikoje. Ulichoweka mle ndicho nilichokiamini, na nilichokiamini ndicho nilichokwenda kumwambia mtu usoni. Kazi ikikuchosha, niambie umechoka, tutakaa wawili. Ukitaka kucheza, niambie, tutaanza mapema. Ila usinidanganye, kwa sababu nitamwonea mtu asiye na kosa huku nikidhani natenda haki."

Nilimwambia nimeelewa. Kile kiberiti nilikimwaga njiani.

Ijumaa iliyofuata nilitegemea kumkuta Bibi akichambua mwenyewe. Nilikuta sinia mahali pake, na kisahani pembeni yake. Niliketi. Vishindo vya kamba vilisikika dirishani, nami niligeuza punje moja moja, fungu baada ya fungu, mara mbili nzima. Sikupata jiwe hata moja. Hapo hofu ikanishika, kwa kuwa sikuwahi kumpelekea Bibi kisahani kitupu, na safari hii nilikuwa mtoto aliyekwisha kudanganya.

"Bibi," nilisema, "hakuna hata moja."

Alikipokea kisahani, akakitazama, akakiweka mezani. Hakuligusa sinia kulikagua wala hakuniuliza mara ya pili. Alilinyanyua na kumimina fungu la kwanza moja kwa moja majini.

Jumamosi Kibaba na mkewe walialikwa kula nasi. Supu ilipopakuliwa, wote tulimngoja Babu aanze, kama ilivyokuwa desturi. Alijaza kijiko, akakisimamisha karibu na mdomo, akanitazama kwa jicho la mzaha ambalo halikuwa mzaha mtupu.

"Fundi wangu," aliniuliza, "leo nitafune au nimung'unye?"

"Tafuna, Babu," nilimjibu.

Akatafuna.