Mguu Katika Malisho Yaliyofungwa

Maji yalikuja kabla ya mvua. Watu wa mjini hawalijui hilo, na ofisi ile ya Marrakech, yenye picha kubwa za maporomoko ukutani, haikujisumbua kulijua. Mvua ilikuwa ikinyesha mbali, kwenye kichwa cha bonde letu la Ait Ugdim. Huku chini korongoni jua bado lilichoma migongo ya watu watatu waliokuwa wakiruka kutoka jiwe hadi jiwe. Idder, aliyetangulia, alisimama ghafla. Mto ulikuwa umegeuka rangi ya kahawa, na ulileta vijiti na majani makavu.

"Pandeni!" alipiga kelele. "Tupeni mifuko! Pandeni juu!"

Lalla Turia, mwalimu mstaafu wa hesabu kutoka Casablanca, alikuwa na miaka sitini na miwili na hakuzoea kuamrishwa. Safari hii hakuuliza swali. Alidaka mzizi uliotokeza mwambani, akajivuta mpaka kwenye ukingo wa jiwe. Mumewe Larbi, aliyeitwa Si Larbi kwa heshima, alikuwa ameendesha treni miaka thelathini na magoti yake yalikuwa yamebaki hukohuko relini. Alikwama katikati. Idder akarudi chini, akamwekea bega kutoka nyuma, akamsukumia juu kama gunia la shayiri.

Hapo mafuriko yakageuka kona. Yalibeba magogo, mawe, na kiti cha plastiki cha buluu kutoka mkahawa wa maporomoko. Jiwe moja lilimpiga Idder chini ya goti, na maji yakamzoa. Si Larbi alilala kifudifudi, akamkamata ukosi wa joho lake la sufu, na Turia akamkamata mumewe kiunoni. Wakavuta huku wakipiga mayowe. Walipomtoa, mguu wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipokuwa na kiungo, na damu ilikuwa ikitoka kwa wingi.

Na safari hii ilichaguliwa kwa uangalifu, tena na mwanamke asiyedanganyika kirahisi! Turia alizunguka ofisi tatu wiki nzima. Hakutaka basi la watu arobaini wanaoshushwa kwenye duka la mazulia kabla hawajaona mlima. Alitaka safari yao wenyewe ya siku moja: gari lao, nyumbu wa kumbeba Si Larbi, na kiongozi mzaliwa wa bonde. Kijana wa ofisini, nywele zikimeta mafuta, aliapa kwamba kila kitu kipo. Nyumbu hakuonekana. Sanduku la dawa lilikuwa tupu, isipokuwa pamba kidogo na mkasi wenye kutu. Asubuhi pale darajani, ambapo dereva alibaki na gari, Idder alitazama wingu kichwani mwa bonde. Akaipigia ofisi simu kuwaambia kwamba leo wageni wageuzwe kwenye poromoko la kwanza. Wakamjibu kwamba wageni wameahidiwa la tatu, na kama yeye hawezi, wapo wengine wengi wanaoweza. Idder ana watoto wanne. Akameza maneno yake, akatangulia njia. Mimi ni mtu wa bonde hili, nimewasikiliza wote watatu, na kila nikifika kwenye simu ile natamani kuvunja kitu.

"Wapi panauma?" Turia aliuliza.

"Uliza pasipouma, Lalla. Hapo nitajibu haraka."

Turia alivua mtandio wake, akaukunja, akaugandamiza kwenye jeraha. "Larbi, toa mkanda."

"Suruali itaanguka, bibie."

"Ianguke! Nani anakutazama huku?"

Wakaufunga mkanda juu ya mtandio. Si Larbi akakaa na kuweka viganja vyake vyote viwili palepale. Turia akavunja fimbo yake ya kutembelea vipande viwili, akaufunga mguu katikati kwa kamba za viatu. Idder aliuma mkono wa joho na hakutoa sauti. Simu zote tatu hazikuwa na mtandao. Chini yao mto ulikuwa umejaza korongo ukuta hadi ukuta, na mngurumo wake ulifanya hata mtu wa karibu asisikike bila kupaza sauti. Mvua nayo ikafika, mvua ya mawe, baridi ya kukata masikio. Midomo ya Idder ilianza kuwa ya kijivu.

"Damu haisimami sawasawa," alisema Si Larbi. "Na anatetemeka. Akikaa hapa saa mbili, tatu..."

Turia alitazama nyuma. Mteremko mkali ulipanda kutoka kwenye ukingo wao, na kileleni kulikuwa na mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa.

"Kule juu kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema Idder.

"Hakuna kitu vipi? Naona mawe meupe."

"Ni malisho, Lalla. Yamefungwa."

"Yamefungwa na nini? Ukuta? Mbwa?"

"Yamefungwa tu. Mnyama haingii wala mtu, mpaka siku ya kufunguliwa. Majani yakomae, yamwage mbegu. Ndivyo tulivyokubaliana tangu zamani za mababu."

Turia alikumbuka kwamba saa moja nyuma, wakirudi kutoka poromoko la tatu, wingu lilipokuwa limeshatanda kichwani mwa bonde, walifika kwenye njia panda. Alionyesha kidole juu akauliza kwa nini wasipite kule. Idder alijibu kwamba kule hawapiti, akawashusha korongoni. Yeye alidhani kule juu kuna genge.

"Kule juu ni tambarare?"

"Tambarare."

"Tungepita kule, saa hizi tungekuwa wapi?"

Idder alifumba macho. "Darajani. Tunakunywa chai."

"Kwa hiyo wingu uliliona, mto unaujua, na bado ukatushusha humu kwa ajili ya majani!" Damu ilimpanda kichwani. "Miaka thelathini na minne nimefundisha watoto wagumu wa Casablanca, sijapata kuona kichwa kama hiki! Majani!"

"Nilidhani tutawahi, Lalla. Nilikosea. Lakini si majani, ni neno letu." Alihema kidogo. "Mwaka juzi kaka yangu aliingiza mbuzi zake siku mbili kabla ya wakati. Nyumba yetu ilizuiliwa malisho mwaka mzima. Mama alikuwa hawezi kwenda kuteka maji bila kusemwa. Alikufa na aibu hiyo. Nikala kiapo kwamba mguu wa nyumba yetu hautaingia tena."

Hasira ya Turia haikutoka, ila ilikosa pa kukaa. Wa kukasirikiwa walikuwa wengi mno: ofisi, mto, mtu huyu mwaminifu kupita kiasi, na yeye mwenyewe aliyeona saini na muhuri kwenye karatasi akaamini.

"Nani anayalinda?" aliuliza.

"Dda Bassu. Mzee, lakini macho yake ni balaa. Ana kibanda juu ya kilima. Mbuzi akiingia, anamwona kabla kwato ya pili haijatua."

"Na sisi humu anatuona?"

"Humu korongoni? Hapana. Wala hasikii, kwa mto huu."

"Kwa hiyo tukifia hapa haoni, ila mtu akikanyaga majani yake anaona."

Idder alielewa kabla Turia hajamaliza kusema. Alijaribu kuinuka kwa viwiko. "Lalla, nakuomba. Kwa heshima ya mama yangu. Afadhali mimi..."

"Nyamaza! Huwezi kufa kwa ajili ya chakula cha kondoo, nikikutazama."

"Mwache, ndugu yangu," alisema Si Larbi, viganja vyake vimelowa damu. "Mimi nimejaribu kumzuia miaka arobaini. Wewe pumua tu."

Turia alipanda kwa mikono na magoti. Udongo ulikuwa umegeuka utelezi, na kila hatua mbili alizopata alipoteza moja. Kokoto za mvua zilimpiga kichwani pasipo mtandio. Alishika kichaka cha miiba kwa sababu hapakuwa na kingine, akakishika kwa nguvu, akasonga. Katikati ya mteremko jiwe alilolikanyaga lilichomoka, akateleza urefu wa mtu mzima na kuchubuka kidevu. Alilala pale akaitukana ofisi ya Marrakech kwa jina, na kijana wa mafuta ya nywele, na mama mkwe wake, aliyekuwa hahusiki. Kisha akaendelea.

Alipofika kwenye mawe meupe alisimama, na hilo lilimshangaza mwenyewe. Majani yalifika magotini, mazito, yamejaa maua ya njano, na upepo ulikuwa ukiyalaza na kuyainua. Hapakuwa na njia hata moja iliyokanyagwa, wala kinyesi cha kondoo, wala karatasi ya biskuti. Katika nchi nzima aliyoijua alikuwa hajawahi kuona mahali ambapo watu wote, wenye njaa na wasio na njaa, wamejizuia bila hata waya mmoja. Alisema "Mnisamehe," hakujua anamwambia nani. Akaingia.

Aliingia vibaya, kama mtu anayetaka kuudhi. Alitembea mpaka katikati akikanyaga duara, akavua koti lake la mvua la rangi ya chungwa na kulipunga, akayapiga majani mateke, akaita mpaka koo likakwaruza.

Hazikupita dakika tano. Kutoka juu ya kilima fimbo iliinuliwa, mbwa wawili wakachomoka, na nyuma yao mzee mwenye joho jeupe akishuka mbio, matusi yakimtangulia.

"Toka humo! Toka, mlaaniwa! Huna macho? Mawe huyaoni?"

"Nimeyaona!" Turia alipiga kelele. "Njoo! Njoo unikamate!" Akaanza kumkimbilia.

Dda Bassu alisimama. Miaka ishirini na saba ya ulinzi amewafukuza wachungaji, wezi wa majani, hata askari wa misitu mmoja, na wote walikimbia kwenda upande mwingine. Hakujua afanye nini na fimbo.

"Idder yuko korongoni," alisema Turia akihema. "Mguu umevunjika, anavuja damu, anaganda kwa baridi."

"Idder yupi?"

"Ambaye kaka yake aliingiza mbuzi."

Uso wa mzee ulikakamaa. "Na ndiye aliyekuambia upite huku?"

"Amenikataza mpaka sauti imemkauka! Alikuwa tayari kufa kwa ajili ya majani yako, baba, na mimi sijawahi kukasirika hivi tangu nizaliwe, basi usinipotezee muda!"

Mzee alitazama duara lililokanyagwa, akatazama korongo. Kisha akapanda juu ya jiwe, akaweka mikono mdomoni, akaita mwito ambao kila mtu wa bonde anaujua: malisho yameingiliwa. Kwa mwito wa ajali wangekuja baadhi. Kwa mwito ule walikuja wanaume wote wa kijiji, mbio, wamekasirika, kila mmoja na fimbo ya kupigania. Nilikuwamo, na fimbo yangu ilikuwa nene. Tulimkuta mwanamke wa mjini mwenye nywele za mvi zilizolowa akitupangia kazi kama darasa. Fimbo zile ndizo tulizofungia machela kwa kamba na majoho mawili.

Tulipompandisha Idder hadi kwenye mawe, akili zilikuwa zinamtoka, lakini aliyatambua. Akageuza uso. Tuliobeba tukasimama, tukamtazama Dda Bassu. Kuzunguka kwa nje kungekula saa nzima.

"Piteni hapa," alisema mzee. "Mmoja nyuma ya mwingine. Mkanyage alipokanyaga yeye."

Idder alifika zahanati kabla ya jua kuzama, na mguu wake anao mpaka leo, umefupika kidogo. Si Larbi hakuinua viganja vyake mpaka muuguzi alipomwondoa kwa nguvu, na suruali yake, ndiyo, ilianguka mbele ya kijiji kizima. Ofisi ilipeleka ujumbe kesho yake asubuhi ikiuliza: safari yetu ilikufurahisha kwa nyota ngapi? Turia alikwenda mwenyewe. Kijana wa mafuta akamwambia kwamba kiongozi yule si mwajiriwa wao. Basi akaweka kiti mlangoni pao, akakaa siku nne na kumsimulia kila mteja aliyekaribia.

Baraza letu lilikaa Ijumaa. Wengi walisema hapana faini, kulikuwa na roho ya mtu ya kuokoa. Dda Bassu alikataa. Alisema mwaka huu ikisamehewa, mwaka ujao kila mtu atakuja na mgonjwa wake. Kwa desturi aliyemleta mgeni ndiye anayelipa, na faini yetu ni kulilisha baraza zima. Idder, mguu uko kwenye plasta, alisema atalipa. Turia alikuwa amesimama mlangoni, mahali pasipo pa mwanamke wala mgeni.

"Miguu ni yangu," alisema. "Nyie mnajua hesabu au hamjui?"

Alileta kondoo dume, na huyo ndiye tuliyemla, na alituangalia kila mmoja mpaka amalize.

Siku ya kufungua malisho alirudi, na Si Larbi nyuma yake amevaa mkanda mpya. Tangu alfajiri nyumba zote zilipanga mifugo nje ya mawe meupe zikingoja neno. Idder aliegemea mikongojo, mbuzi zake saba zikimzunguka. Turia alisimama kando yake, ncha za viatu vyake zimepanga mstari na jiwe, hazikuvuka hata kwa unene wa kidole. Hapo gari la ofisi fulani likasimama, na kijana mwenye simu mkononi akaruka mawe ili apige picha ya maua.

Dda Bassu alifungua mdomo, lakini aliwahiwa.

"Wewe!" Sauti ya Turia iliwashtua kondoo mpaka ng'ambo ya kilima. "Toa mguu humo! Macho umeyaacha wapi? Mawe huyaoni?"

Kijana alirudi mbio mpaka ndani ya gari. Dda Bassu alimtazama mwanamke yule wa Casablanca kwa muda, kisha akampa fimbo yake aishike, mpaka wakati ufike.