Miaka Mitano ya Morogoro

Fahali mweusi alikata kamba katikati ya mnada, na watu waliokuwa wakibishania bei wakatawanyika kila upande. Agnella alibaki amesimama. Haukuwa ushujaa, miguu ilikataa tu. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano na mabuti ya mpira, mkoba wa chanjo mkononi, na mnyama alikuwa anamjia pembe mbele.

Kijana mrefu mwenye shuka la bluu begani akaingia katikati yao bila haraka. Hakuwa hata na fimbo. Alisema maneno machache ya Kisukuma kwa sauti ya chini, na yule fahali akapunguza mwendo, akasimama, akaweka kidevu chake juu ya bega la kijana. Agnella alikuwa na stashahada ya afya ya mifugo na alikuwa muuzaji wa duka la dawa za mifugo Kibaoni, lakini jambo kama hilo hakuwahi kuliona.

"Dada, sasa unaweza kupumua," kijana alisema.

Jina lake Evarist. Wazazi wake walihamia bonde la Kilombero na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo, wakaweka makazi pembeni ya Kisawasawa. Juma lile akaja dukani kununua dawa ya kupe. Lililofuata akaja tena, na Agnella akamwambia kwa kasi hiyo kupe wote wa Kilombero watakuwa wamekwisha. Evarist akacheka, akaomba namba ya simu.

Tangu hapo alipiga kila jioni, akiwa amepanda kichuguu ambako mtandao ulishika, akimwita daktari wangu. Jumapili moja baada ya masika alimpandisha mlimani, akamwonyesha bonde lote likiwa limejaa maji yanayometa hadi macho yalipochoka, na ndege weupe wakipaa juu yake kwa maelfu. Walikaa pale, mkono wa Agnella ndani ya mkono wa Evarist.

Kisha udahili aliouomba ukatoka. Udaktari wa mifugo, chuo kikuu, Morogoro, miaka mitano. Agnella alisoma ujumbe ule kwa furaha, na kabla furaha haijapoa akaanza hesabu. Mkopo ulikuwa umetoka nusu. Bado nusu ya ada, bado malazi, vitabu, vifaa vya maabara, safari za mafunzo. Baba yake, Mzee Kelestini, alisema atakodisha shamba la mpunga la Lipangalala misimu yote mitano. Alilisema kwa upole, kama jambo dogo. Agnella aliwatazama wadogo zake wakila wali wa shamba hilohilo, akawasogezea sahani yake.

Alipomweleza Evarist kwenye simu, kijana hakufikiri mara mbili. "Nitauza ng'ombe. Utasoma."

"Ng'ombe wa ada, au wa mahari?"

"Kwani kuna tofauti gani, mpenzi? Si wote wanakuja kwako?"

Alitania. Lakini Agnella alikuwa amelala vibaya juma zima, na neno lile lilimchoma. Akamwambia yeye si mtamba wa kulipiwa akiwa bado malishoni. Akakata simu. Evarist hakupiga tena, naye Agnella hakupiga, ingawa kila jioni aliiweka simu mahali pa kuonekana.

Siku ya mwisho ya kuthibitisha udahili ilimkuta bado hajaamua. Asubuhi hiyo simu ikaita.

"Sipigi kwa ajili yetu," Evarist alisema. "Ng'ombe wetu Mabaka amelala tangu alfajiri. Miguu ya ndama imetoka, kichwa hakionekani."

Agnella alipanda bodaboda hadi Kisawasawa. Alimwamkia baba yake Evarist shikamoo huku tayari anakunja mikono ya nguo, akanawa kwa sabuni, akapiga magoti nyuma ya ng'ombe. Mkono wake uliingia mpaka begani. Alifumba macho. Mle ndani palikuwa na joto, giza, na nguvu iliyomkaba mkono hadi vidole vikafa ganzi. Akakuta shingo imepinda, kichwa kimegeukia ubavuni. Akakifuata taratibu hadi mdomoni, akaogopa kwamba amechelewa.

Ndama akanyonya kidole chake.

Hajazaliwa, hajaliona jua, na tayari ananyonya. Machozi yalimtoka Agnella bila ruhusa. Alimsukuma ndama nyuma uchungu ulipolegea, akashika taya, akakizungusha kichwa kidogo kidogo, akamwambia Evarist avute miguu. Ndama akateleza nje akiwa na mvuke, akapiga chafya. Mabaka akageuka kumlamba.

Baba yake Evarist alivua kofia.

Evarist alimletea maji ya kunywa, akachuchumaa mbali kidogo. "Wale ng'ombe wa ada ni wangu mwenyewe, si wa baba," alisema. "Nilitaka usome tu. Hata kama ukimaliza utampenda mwingine."

"Kwa nini hukusema hivyo?"

"Nilikuwa najifanya mchekeshaji."

Agnella alimtazama ndama akijaribu kusimama kwa magoti. Akasema angekaa kwa shangazi yake Eveline, Morogoro, gharama ya malazi ingeondoka. Likizo angerudi dukani. Shamba la baba libaki linalimwa. "Pengo linalobaki, dume mmoja atatosha. Mmoja, Evarist."

"Chagua mwenyewe."

"Simu yangu iko mfukoni. Mikono yangu ina damu. Thibitisha wewe."

Walipanda kichuguuni. Evarist alibonyeza alivyoelekezwa, na kwenye kitufe cha mwisho kidole chake kikasita. Miaka mitano. Akabonyeza.

"Imekubali," alisema taratibu.

"Basi kabla sijaondoka, nenda kwa baba yangu ukajitambulishe. Ng'ombe wa mahari wasubiri nimalize."

"Na mimi?"

"Na wewe," Agnella alisema, akaegemea kifua chake kwa kichwa tu, asije akamchafua shati.