Cherehani Kando ya Kitanda

Kila asubuhi saa moja, mlinzi wa ghala la saruji alirudi nyumbani. Alivua buti, akanywa chai ya rangi vikombe viwili bila sukari, akapanda kitandani. Wenzake kazini walimwita Macho. Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kumkuta akisinzia getini.

Walikuwa na chumba kimoja. Hatua mbili kutoka kitandani, chini ya dirisha, mkewe alishona sare za shule mpaka saa tisa alasiri. Macho alilala kimya, uso ukutani. Mkewe alijisifu kwa wateja: "Mume wangu hata mpige ngoma, haamki!"

Macho alikuwa na kisukari. Dawa alimeza bila kuruka siku. Soda aliiacha. Hata hivyo sukari ilizidi kupanda. Kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto kiligoma kupona, kikaanza kunuka.

Mkewe akaingiwa na shaka. Siku moja Macho alimkuta akipekua koti lake la kazi.

"Unatafuta nini, mama watoto?"

"Biskuti. Unakula huko getini, unanificha."

"Sili kitu mimi."

"Basi sukari inatoka wapi? Inaota yenyewe kama nywele?"

Macho alipanda kitandani, akageukia ukuta. Mkewe akakanyaga cherehani kwa hasira siku nzima. Mungu amsamehe, hakujua alilokuwa akilifanya.

Wiki iliyofuata kidole kilikatwa. Daktari hakuficha neno. Sukari isiposhuka, utafuata mguu. Na mlinzi asiye na mguu, nani atamweka getini?

Muuguzi wa kliniki ya kisukari, mama wa makamo, aliketi nao. Aliuliza kuhusu chakula, kisha dawa. Vyote sawa. Akafunga daftari.

"Baba, unalala masaa mangapi kwa siku?"

Mkewe akadakia. "Huyu? Masaa saba! Niko naye chumbani, namwona."

"Nimemuuliza yeye, dada."

Macho alitazama bandeji yake. "Silali," alisema. "Nafumba macho tu. Labda masaa mawili, matatu, mke wangu akienda kununua uzi."

"Mbona hukuniambia?" mkewe aliuliza.

"Ningekuambiaje? Cherehani ndiyo inayosomesha watoto."

Mkewe alilia palepale mbele ya watu. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemkata kidole?"

"Usijibebeshe hilo," muuguzi alisema. "Kisukari kina mambo mengi. Lakini sikilizeni. Mwilini kuna insulini. Inasaidia sukari itoke kwenye damu, iupe mwili nguvu. Mtu asipolala vya kutosha, insulini haifanyi kazi vizuri. Sukari inabaki kwenye damu. Njaa nayo inaongezeka. Halafu sukari ikiwa juu, unaamka kukojoa mara kwa mara, usingizi unakatika tena."

"Sasa akilala, aache dawa?"

"Asithubutu! Usingizi unaisaidia dawa, hauchukui nafasi yake. Mtu mzima anahitaji kama masaa saba, hata akilala mchana. Chumba kiwe na giza na kimya. Alale saa ileile kila siku. Na hiyo chai ya rangi kabla ya kulala, aiache, inafukuza usingizi. Akikoroma sana na pumzi kukatika, njooni mtuambie."

Siku hiyohiyo cherehani ilihamia kibarazani kwa shangazi wa Macho, mtaa wa pili. Mkewe alishona pazia zito kwa mabaki ya vitambaa vya sare, akaziba dirisha. Baadhi ya wateja walimpotea. Aliwaacha waende.

Baada ya miezi mitatu, kipimo cha sukari cha asubuhi kilishuka kutoka kumi na sita hadi nane. Kidonda cha upasuaji kilifunga. Mguu ulibaki. Kidole, bila shaka, hakikurudi.

Mchana mmoja mkewe alisahau mkasi nyumbani. Alifungua mlango taratibu. Macho alikuwa chali, mdomo wazi, mkono ukining'inia, shuka sakafuni, mguu wa vidole vinne nje. Alipumua polepole.

Mkewe alisimama akimtazama. Miaka tisa, na alikuwa hajawahi kumwona mumewe akilala.

Mkasi ulikuwa mezani, upande wa pili wa kitanda. Akauacha. Akafunga mlango, akaenda kuazima wa shangazi.