Sketi ya Tatu Kutoka Kushoto

Hadithi hii inaanza na sketi nane. Saba zilikuwa tayari. Ya nane ilipungukiwa na kitambaa, upana wa kiganja.

Bibi Sindano aliitazama. Akavua miwani, akaifuta, akaitazama tena. Sketi haikuongezeka.

"Imekatwa vibaya," alisema.

"Na wewe, bibi?" mjukuu wake alicheka. "Fundi wa miaka arobaini?"

"Na mkasi. Mimi nilikuwa nimeushika tu."

Mjukuu huyo alikuwa na miaka ishirini na moja. Nyumbani walimwita Springi, kwa sababu tangu utotoni alikuwa hatembei, anaruka. Sasa alikuwa amechukuliwa katika kikundi cha hamasa cha timu ya mpira. Hao ni wasichana wanaocheza, wanaoruka na kupandiana mabegani kando ya uwanja, ili watazamaji wachangamke. Si kazi ya kitoto. Springi alifanya mazoezi kila siku. Magoti yake yalikuwa na michubuko kama ya mtu anayedeki kwa magoti. Jumamosi ingekuwa mara yake ya kwanza kusimama mbele ya watu.

Na sketi iliyopungua ilikuwa yake.

Bibi Sindano aliingiza mkono kwenye kapu la vipande. Akatoa kipande cha njano. Sketi zote zilikuwa za kijani. Akakikata umbo la jani, akakishona ubavuni kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama meno ya panya.

"Haya. Sasa utaonekana kuliko wote."

Springi alimkumbatia mpaka miwani ikapinda.

"Usimwambie baba mdogo," alisema. "Nataka anione mwenyewe uwanjani. Ashtuke!"

Baba mdogo huyo alikuwa kitindamimba wa Bibi Sindano, mwandishi wa habari za michezo. Walimwita Kipaza. Alipokuwa mdogo alitangaza mpira uani, mwiko mdomoni, na wachezaji wake walikuwa kuku. Siku hizi alilipwa kwa kelele zilezile. Picha yake, amevaa kadi ya mwandishi shingoni, ilitundikwa juu ya cherehani. Wateja waliokuja kupimwa nguo walipimwa huku wakimtazama yeye, watake wasitake.

Kipaza alikuwa na desturi moja iliyompa umaarufu. Kila baada ya mechi aliwapa wachezaji alama mtandaoni, kati ya kumi. Golikipa, sita. Beki wa kulia, nne, alale mapema. Watu walisoma, wakabishana, wakacheka.

Jumamosi ikafika, ikapita. Jumapili asubuhi, Bibi Sindano alikuta sketi juu ya meza ya kukatia. Lile jani la njano lilikuwa limeng'olewa. Nyuzi zilikuwa zinaning'inia.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza.

"Springi mwenyewe, mama," alijibu mkwe wake, mama yake Springi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Amejifungia. Hajala tangu jana."

"Ameanguka?"

"Afadhali angeanguka. Soma."

Akampa simu. Bibi Sindano aliishia darasa la pili, lakini herufi chache alizopata hakuziachia. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno.

Juu kulikuwa na picha ya wasichana wanane. Nyuso zao zilikuwa zimepakwa rangi, nusu kijani, nusu nyeupe. Hata mama mzazi asingemjua wake. Chini yake pameandikwa hivi:

"Mechi ilikuwa ya kusinzia. Cha kutazama kilikuwa kando ya uwanja! Leo alama natoa huko. Wa kwanza kushoto: miguu saba, sura nne. Wa pili: atolewe, uzito umezidi. Wa tatu, mwenye kiraka cha njano: miguu tisa, akili mbili. Kitambaa kilimwishia, lakini sisi hatulalamiki."

Walipewa alama wote wanane. Chini yao, waandishi wengine wa michezo walikuwa wanacheka. Mmoja aliandika: "Wa tatu nimsajili mimi." Mwingine: "Mkataba uwe wa siri!"

Kidole cha Bibi Sindano kilirudi kwenye neno "kiraka". Kikakaa hapo. Kisha kikapanda juu, kutafuta jina la mwandishi. Kikakuta kadi shingoni. Kikakuta uso aliouzaa yeye.

"Mtu ameiba picha ya mwanangu," alisema.

"Hajaiba mtu, mama."

"Basi ameibiwa simu."

"Hajaibiwa, mama. Ni yeye."

Bibi Sindano aliketi. Aliketi juu ya mto wa pini, na hakuhisi kitu.

Muda si mrefu, mwanawe mkubwa aliingia. Huyu ndiye baba yake Springi, fundi bomba, mtu wa maneno machache. Siku hiyo yalikuwa yamepasuka yote.

"Harudi tena uwanjani!" alifoka. "Na hizo sketi zichomwe! Angevaa suruali, nani angemsema?"

"Sketi nimepima mimi," alisema Bibi Sindano. "Basi nichome na mimi."

"Sisemi hivyo, mama. Lakini ukoo wote lazima ujue alichofanya Kipaza! Nimeituma kwenye kundi la ukoo, lile asilokuwamo yeye. Dada yangu naye amewatumia wanakwaya wenzake."

"Kwaya nzima?"

"Kwaya nzima. Na mwalimu wao."

Hapo mlango ukagongwa. "Hodi! Gauni langu tayari?"

Alikuwa jirani yao, Kalamu Nyekundu. Mama huyu alisahihisha habari za gazeti kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Watu walisema hata barua ya posa aliirudisha kwa mchumba imejaa wino mwekundu. Bwana yule aliiandika upya, akakubaliwa.

Aliwatazama wote watatu. "Kuna msiba?"

Wakampa simu. Alisoma mara moja, haraka. Kisha akavuta kiti, akaketi.

"Huyu nilimfundisha mimi kuweka nukta," alisema. "Hakuna mwezi nisiomsomea kazi yake."

"Niambie cha kufanya," alisema baba Springi. "Nimwandikie matusi hapo hapo chini?"

"Hapana. Kwanza, umeituma kwa watu wangapi?"

"Kundi la ukoo tu. Thelathini na wanne."

"Basi mwanao amedhalilishwa mara thelathini na nne zaidi. Na kwaya juu yake."

Fundi bomba aliitazama simu yake.

"Sikulaumu," alisema Kalamu Nyekundu. "Wengi hukosea hapo. Mtu anasambaza ili alaani, lakini picha inakwenda ileile na maneno yaleyale. Ifute huko sasa hivi, umwombe kila aliyeipata naye afute. Ila kabla hata Kipaza hajaifuta kwake, tuipige picha kwenye skrini. Jina lionekane, tarehe ionekane, na wale waliocheka waonekane. Tuweke sisi, kama ushahidi. Kisha tubonyeze sehemu ya kuripoti hapo kwenye ukurasa. Kisha barua kwa mhariri wake. Matusi yako yakiingia pale, baba, yeye ndiye atakayeonekana ametukanwa, na watu watamhurumia."

"Na suruali?" aliuliza mama Springi kwa sauti ndogo.

"Wale wachezaji wa mpira wana kaptura mpaka huku," Kalamu Nyekundu alionyesha paja lake. "Umewahi kusikia miguu yao ikipewa alama? Kosa liko kwenye mkono ulioandika. Sketi haijaandika kitu." Akageuka. "Haya. Mmezungumza nyote. Mwenyewe amesema nini?"

Walitazamana. Mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Bibi Sindano ndiye aliyekwenda mlangoni. "Springi, mama. Hatukuja kukusema. Tumekuja kukusikiliza, na babako amefunga bomba."

Mlango ulifunguka. Rangi ya kijani ilikuwa bado imemganda karibu na sikio.

"Nataka kucheza Jumamosi," alisema. "Lakini yule wa pili, aliyeambiwa uzito umezidi, amesema harudi. Na yeye ndiye anayesimama chini, bibi. Sisi tunapanda juu ya mabega yake. Bila yeye hatusimami." Machozi yakaanza. "Mimi nilitaka kumshtukiza baba mdogo. Nikashtuka mimi."

"Unataka tufanye nini?" aliuliza Kalamu Nyekundu.

Springi alifuta uso. "Afute. Aombe radhi pale pale alipoandika, si hapa jikoni. Na kwa wote wanane."

"Umesikia?" Kalamu Nyekundu alimwambia fundi bomba. "Hakusema sketi zichomwe."

Jioni hiyo Kipaza alikuja kumsalimia mama yake, kama kila Jumapili. Aliingia na mfuko wa matunda na sauti yake ya kutangazia mpira. "Shikamoo, mama! Wanawake wa nyumba hii wananawiri!"

"Marahaba. Simama hapo nikupime," alisema Bibi Sindano.

"Unanishonea shati?"

Bibi Sindano alimzungushia utepe tumboni, kisha akatangaza kwa sauti, kama mtu aliye uwanjani: "Tumbo: tisa, na bado linapanda! Miguu: tatu, ya korongo! Sura: nne, na hizo nne amerithi kwangu! Akili..."

Kipaza alicheka. Mama Springi hakucheka. Kalamu Nyekundu, aliyekuwa kwenye kiti pembeni, hakucheka. Kicheko cha Kipaza kilibaki peke yake, kikaona aibu, kikaondoka.

"Mama, kuna nini?"

Bibi Sindano alichukua mkono wake, akaweka kiganjani jani la njano.

Kipaza aliligeuza. Aliutambua mshono. Tangu utotoni alikuwa amevaa mshono ule kwenye magoti ya suruali. Akatazama juu, na mlangoni amesimama Springi.

Tunda moja lilitoka mfukoni, likabingirika hadi chini ya cherehani.

"Sikujua ni yeye," alinong'ona. "Wallahi, sikujua kama ni Springi!"

"Ungejua," alisema Kalamu Nyekundu, "ungewatukana saba tu?"

Kipaza aliligeuza jani tena. Alijaribu jingine. "Ulikuwa utani. Na ule ni ukurasa wangu binafsi, si gazeti."

"Picha yako kwenye ukurasa huo imevaa nini shingoni?"

"Kadi."

"Kadi ya kazi. Ndiyo inayokufungulia geti la uwanja. Watu wanakufuata kwa sababu yake. Ukiwa na kadi hiyo uliwatazama wasichana walio kazini kwao, kama wewe ulivyokuwa kazini kwako, ukawaweka sokoni. Mchezaji unampa alama kwa alichofanya. Hawa uliwapa kwa walivyoumbwa. Waliruka vipi? Nani aliyekosea hatua? Hukuandika. Hukuwaona."

"Wa pili anatubeba sisi wote," alisema Springi. "Ungeandika hilo, baba mdogo. Hilo lingekuwa kweli."

Kipaza alitoa simu.

"Niandike nini?"

"Ulichofanya," alisema Kalamu Nyekundu. "Bila 'kama kuna aliyeumia'. Wameumia. Hiyo 'kama' nitaikata."

Aliandika mara tatu. Ya tatu ilipita:

"Jana niliwadhalilisha wasichana wanane waliokuwa kazini. Niliandika juu ya miili yao. Halikuwa jambo la utani. Kosa ni langu, na nguo zao hazihusiki. Nawaomba radhi wote wanane. Nimeifuta. Mlioisambaza, nawaomba muifute pia."

Alitaka pia kwenda kwa yule wa pili kumwangukia miguuni. Kalamu Nyekundu alimzuia. "Usimvamie mtu kwake ili wewe upate usingizi. Peleka barua kwa kiongozi wa kikundi. Akitaka kukuona, ataita."

Waandishi wenzake walimcheka. "Umeolewa na nani siku hizi?" aliandika mmoja. Lakini barua ilikuwa imeshamfikia mhariri, pamoja na zile picha za skrini. Kipaza alizuiwa kuripoti mechi mbili. Wenzake wawili wa gazeti lake waliocheka waliitwa ofisini, wakatoka hawacheki. Shangazi yake Springi, yule aliyeituma kwa kwaya, naye alisimama mbele ya wanakwaya kuwaomba wafute. Anasema siku hiyo aliimba sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, bila kupenda.

Springi alikwenda kwa rafiki yake, yule wa pili, kila siku. Hakumbembeleza. Alikaa naye tu. Ijumaa bado rafiki alikuwa hajasema kama atarudi.

Jumamosi, Bibi Sindano alikwenda uwanjani kwa mara ya kwanza maishani. Kipaza alikaa kando yake, kwenye viti vya watu wote, hana kadi shingoni. Wakati wa mapumziko ngoma zilianza. Bibi Sindano alihesabu kwa kidole, kama anavyosoma. Mmoja. Wawili. Watatu, na jani la njano lilikuwa limerudi ubavuni. Aliendelea hadi nane.

Yule wa pili alipanga miguu yake chini. Wengine wakapanda. Juu kabisa, Springi alisimama, akanyoosha mikono. Mabega ya chini hayakutikisika. Uwanja ulilipuka.

Mwanamume mmoja nyuma yao alipiga mluzi. "Oneni mapaja ya huyo wa chini!"

Kipaza aligeuka. "Kaka, yuko kazini," alisema. "Tazama anavyobeba."

Yule mwanamume alishangaa, akaondoa vidole mdomoni.

Bibi Sindano alitoa chaki ya kukatia nguo kutoka kwenye mkoba wake, akauvuta mkono wa shati la mwanawe, akaandika polepole, herufi moja moja:

"Macho: saba. Mdomo: tano. Aendelee na mazoezi."