Kaniki ya Bibi Mwanahawa

Kipupwe cha Kinole hakina adabu. Mwezi wa Juni ukungu huteremka kutoka milimani, ukaingia majumbani bila kupiga hodi na kukaa mpaka saa nne asubuhi. Hapo ndipo migongo ya watu hukumbuka mizigo yote iliyowahi kubeba, na hapo ndipo watu walipokuwa wakiongozana kwenda kwa Bibi Mwanahawa, mkandaji wa mawe ya moto.

Bibi alikuwa na mawe saba meusi, laini, aliyoachiwa na mama yake. Hayakuwa mawe ya mtoni, maana jiwe la mtoni huficha maji ndani, na likipata moto hupasuka. Mjukuu wake Pili, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Kila alipotoka shuleni alikoka moto, akapanga mawe kando ya makaa na kuyageuza kwa koleo. Mtoto wa mhunzi asiposana hufukuta, naye Pili alikuwa akifukuta tangu ana miaka saba.

Jiwe lilipotoka motoni lilipumzishwa kwanza, kisha likafungwa ndani ya kaniki nzito ya pamba iliyokunjwa mara mbili. Bibi alilifunga mwenyewe. Kulijaribu ilikuwa kazi ya Pili.

"Ngozi yangu imezoea moto, haisemi kweli tena," Bibi alimwambia. "Yako bado inasema. Weka jiwe hapa penye mshipa wa mkono, vuta pumzi kumi. Ukishindwa kufika kumi, halijawa tayari."

Kisha Bibi alipaka mafuta ya nazi na kulipitisha jiwe polepole, kutoka kiunoni hadi mabegani. Alisema baridi hukaza nyama za mwili na joto huzilegeza, damu ikapita vizuri na mtu akapata usingizi. Wazee walioingia wameinama walitoka wamenyooka, na wale waliobishana na mgongo mwezi mzima walirudi shambani kesho yake.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na malori kutoka Dar es Salaam yalifika mpaka chini ya mlima kufuata machungwa. Wachukuzi walipata kazi kuliko wakati wowote. Mmoja wao alikuwa Mzee Dadi, mtu mwembamba asiyeisha utani, aliyeshusha matenga ya machungwa mlimani kutwa nzima na jioni akaja kukandwa. Malori hayo hayo yalileta mitumba. Belo lilipofunguliwa gulioni, hata wasio na senti walikwenda kutazama.

Siku moja ya gulio Pili alitumwa mtoni kufua kaniki. Aliifua, akaianika juu ya jiwe, na mara akasikia wenzake wakiitana kwamba belo linafunguliwa. Alitaka kuangalia kidogo tu. Alipomaliza kuangalia masweta ya rangi zote na kurudi, kaniki haikuwepo. Upepo ulikuwa umeitupa majini na maji yakaondoka nayo. Alifuata ukingo wa mto mpaka miguu ikamuuma, lakini hakuiona.

Angesema siku ile, angefokewa, labda na kofi moja, na mambo yangeishia hapo. Lakini Pili aliogopa. Alikata mgongo wa sweta lake la zamani, jeusi, akalikunja mara mbili. Kwa macho lilifanana na kaniki. Macho ya Bibi nayo yalikuwa na ukungu wake yenyewe, mtoto wa jicho.

Jioni Mzee Dadi akaja, akavua shati na kulala kifudifudi mkekani.

"Leo nimebeba mpaka machungwa yakanionea huruma," alisema.

Bibi alipokea kitambaa na kukipapasa. "Mbona laini leo?"

"Nimekifua kwa sabuni nyingi, Bibi."

Pili alitaka kazi iishe haraka kabla Bibi hajauliza tena. Alichomoa jiwe kwenye makaa na kulikabidhi bila kulipumzisha. Bibi akalifunga upesi, akampa alijaribu, naye Pili akalirudisha papo hapo.

"Umelijaribu?"

"Nimelijaribu."

Bibi aliliweka mgongoni. Sweta lile halikuwa la pamba wala sufu. Lilikuwa la nailoni, na nailoni ikikutana na jiwe la moto huyeyuka na kunata. Mzee Dadi alipiga yowe lililofika kwa majirani. Wakati Bibi akihangaika kulibandua jiwe, Pili aliokota kitambaa kilichotoboka na kukitupa motoni.

"Kimetokea nini? Pili, kimetokea nini?" Bibi aliuliza.

"Fundo lilifunguka, Bibi. Hukulikaza vizuri. Jiwe likatoka, kitambaa kikaangukia motoni."

Hayo ndiyo maneno aliyosema, na yalipokwisha kutoka hayakurudi.

Mzee Dadi alipelekwa zahanati. Kidonda kilikuwa upana wa kiganja, katikati ya mgongo. Hakuweza kubeba tenga wala kulala chali, na machungwa yalishuka mlimani juu ya vichwa vya watu wengine. Kijijini wakasema Bibi Mwanahawa amekwisha, mikono haishiki tena. Wateja wakakatika. Baridi haikukatika. Asubuhi ungewasikia vikongwe wakikohoa na kugumia majumbani mwao, wanaogopa dawa waliyoijua maisha yao yote.

Bibi hakujitetea. Alimtuma Pili kila siku kumpelekea Mzee Dadi uji na kumsindikiza zahanati. Huko, siku ya nane, Nesi Esther alikuwa akisafisha kidonda akachomoa kipande kidogo cheusi, kigumu kama plastiki.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinazuia kupona," alisema. "Mliambiwa ni kaniki? Kaniki ikiungua inakuwa majivu. Haiyeyuki."

Alimwangalia Pili. Pili akaangalia sakafu. Nesi akafunga kidonda kwa bandeji, na Mzee Dadi, ambaye siku hizo hakuwa na utani wowote, akavaa shati lake.

Pili alirudi nyumbani akiwa na uso wa moto. Akamkuta Bibi amekaa uani, chungwa mkononi na leso mapajani. Alilifunga chungwa kwenye leso, akakaza fundo, akalitikisa, akalifungua. Akalifunga tena. Hakumsikia mjukuu wake akiingia. Alikuwa akijifundisha upya kufunga fundo, mwanamke aliyefunga mawe kwa miaka arobaini.

Pili alimwendea. Alipiga magoti mbele yake akalia, na katikati ya kilio akasema yote: mto, belo, sweta, jiwe ambalo hakulijaribu.

Bibi alilifungua fundo la leso. Kisha aliweka chungwa chini.

"Kwa hiyo fundo langu lilikaza," alisema.

"Lilikaza, Bibi."

"Siku nane nimeamini kwamba mikono yangu imekufa. Nilikuwa nimeshaamua kuyazika yale mawe." Aliinuka. "Jifute uso. Twende ukamwambie mwenye mgongo."

Mzee Dadi alisikiliza mpaka mwisho. "Shikamoo" ya Pili hakuiitikia mapema, aliiitikia alipokwisha kusikia.

"Marahaba. Nimekusamehe, mwanangu, kwa sababu umekuja na miguu yako," alisema. "Lakini msimu nao umekwenda na miguu yake, na huo haurudi. Nyumba yangu itakula msamaha mpaka mwakani."

Siku ya gulio iliyofuata Bibi alimtuma Pili akaseme ukweli huo gulioni, mbele ya watu. Alisema yote, tangu mto mpaka jiwe. Baada ya wiki mbili watu walianza kurudi, mmoja mmoja. Bibi alinunua kaniki mpya, na kwa ushauri wa Nesi Esther akaongeza masharti: haweki jiwe penye kidonda wala uvimbe, wala kwa mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi. Pili alimchotea maji Mzee Dadi mpaka kipupwe kikaisha.

Jioni ya kwanza ya kazi, Pili alikoka moto kama zamani. Alilipumzisha jiwe, akaleta kaniki mikononi. Bibi hakulifunga jiwe papo hapo. Aliinusa ile kaniki, akavuta uzi mmoja pembeni, akauweka kwenye kaa na kungoja mpaka ukawa majivu.

"Bibi, ni kaniki kweli," Pili alisema kwa sauti ndogo.

"Naona. Zamani neno lako lilinitosha, sasa nangojea majivu," Bibi alijibu. "Kosa la kaniki ningelisahau siku ile ile, mjukuu wangu. Uongo ndio uliomchoma Dadi, ukanichoma na mimi. Ukikosea, sema kosa likiwa bado dogo, maana maji yakimwagika hayazoleki. Baridi ya mgongo nina jiwe lake. Hii iliyoingia kati yangu na wewe sina jiwe lake, utaipasha moto mwenyewe, kwa kusema kweli kila siku."

Kisha akafunga fundo, akamnyooshea jiwe. Pili aliliweka penye mshipa na kuanza kuhesabu pumzi kwa sauti, ili Bibi asikie.