Magoti Yaliyopauka

Mguu wa kwanza wa jinzi ulikuwa umeshafupishwa na kupindwa. Chizuru aliigeuza jinzi ili akate mguu wa pili, na hapo mkasi ukasimama. Mshono wa mfuko wa nyuma ulikuwa umepinda kidogo kulia. Aliushona yeye mwenyewe, kwenye karakana hiihii mjini Kojima, kwa ajili ya mpenzi wake, Tokihiro.

"Dada, hii umeipata wapi?"

Mteja wake, Mio, mgeni kutoka Osaka, alikuwa akinywa chai kwenye benchi.

"Duka la pale stesheni. Wanawapa watu wa kazi jinzi mpya, wanazivaa mwaka mzima, kisha duka linaziuza. Hii ilivaliwa na mtia rangi. Ona magoti yalivyopauka."

Chizuru alichukua simu, akampigia Tokihiro.

"Jinzi niliyokushonea iko wapi?"

"Ipo. Kwani vipi?"

"Ipo wapi?"

Simu ikakatwa. Na kesho Tokihiro alikuwa aende kwa baba wa Chizuru kumposa.

Alikuja mwenyewe, mbio, mikono ya buluu hadi viwikoni, mfuko kwapani. Alipoiona jinzi mezani, akainama.

"Niliitoa."

"Uliiuza?"

"Sikupata hata yeni moja. Duka lilinipa hii niivae." Alitoa jinzi ngumu kama ubao, rangi yake ya nili bado imekoza. "Kila asubuhi nilishika yao, nikaishia kuvaa yako. Walipokuja kuchukua nikaona aibu. Niliwaahidi jinzi iliyovaliwa, na iliyovaliwa ilikuwa yako."

"Kwa hiyo uliipenda sana, ukaigawa."

"Ukisema hivyo inasikika vibaya."

"Niseme vipi sasa? Sijui nikasirike au nicheke."

"Hata mimi sijui."

Mio aliweka kikombe chini. "Samahani, shemeji. Mimi bado nina jinzi?"

"Chukua hii mpya, dada," Tokihiro alisema.

"Mpya ya nini? Nimelipia magoti."

Chizuru akacheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka. Alipitisha kidole kwenye goti. Uzi huchovywa kwenye nili mara nyingi, hutoka kijani, hewa huugeuza buluu, lakini kiini chake hubaki cheupe. Weupe ule hautoki mpaka mtu avae. Hapa ulikuwa umetoka wote. Mwaka mzima mwanaume huyu hakuvaa kingine, na bado alikuwa amemdanganya kwa simu.

"Uliniambia ipo."

"Niliogopa ungesema nisije kesho."

Chizuru aliivuta jinzi iliyopauka.

"Hii ni ya Mio. Amelipa. Wewe vaa hiyo ngumu, uje nayo kwa baba."

"Chizuru, hii haikunjiki. Nitapigaje magoti mbele yake?"

"Utapiga hivyohivyo. Na huo uongo wa simu utanieleza vizuri, ukishatoka kwa baba."

Akaitundika jinzi ukutani, mguu mmoja mfupi, mmoja mrefu.

"Dada Mio, njoo kesho mchana. Leo mkono wangu si wa kukata kitu."